Kichuguu Chenye Vitabu Viwili

Vijana mliokalia viti vyetu, nawasalimu, na shikamoo yenu naipokea, ingawa wengi wenu mmeacha kuitoa. Nimepata habari kwamba pale koridoni mnasimuliana jinsi Mama Faili alivyostaafu akiwa amechanganywa akili na vitabu vya wazee. Napenda kuweka kumbukumbu sawa. Sikuchanganywa akili. Nilikasirishwa, na hasira hiyo ndiyo iliyonifanya niipende historia, somo ambalo shuleni nililipita kwa kukariri na kulisahau nikiwa bado nimevaa sare.

Jambo lenyewe ni hili: tanuru la wahunzi wa kale, la mwisho lililobaki limesimama katika kijiji kimoja upande wa Mwazye, nusura lisawazishwe na katapila kwa sababu taarifa ya ofisi yetu tukufu ilieleza kwamba ni kichuguu. Nitafika huko. Ila ninyi mna mtindo wa kusoma aya ya kwanza na ya mwisho, kwa hiyo nimeiweka hapa juu ili nisiwachoshe.

Nilitumikia masjala, chumba cha nyuma ambamo mafaili huzaliwa, hutembea, na mengine hupotea kwa makusudi ya wakubwa. Nilitoka Mbeya nikiwa binti, nina barua ya ajira, sweta moja na maonyo ya shangazi yangu. Alinikataza nikiwa Sumbawanga nisipeane mkono na mtu nisiyemjua, nisile kwa jirani, na jua likizama nisimuulize mtu swali. Nilipofika nilikuta upepo wa baridi unaopasua midomo, na majirani wa mtaa wa Katandala walioniletea ugali wa ulezi kabla sijafungua sanduku. Nikala. Bado nipo. Mambo ya kutisha niliyoyaona mkoani Rukwa yote yaliandikwa na maofisa wenye shahada, yakagongwa mhuri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Simfukwe, mkuu wa masjala, mtu aliyevaa tai hata Jumamosi. Ninyi mnabofya na kutafuta. Yeye alinifundisha kushika. Alikuwa akitwaa faili, analipima kwa kiganja kama mwanamke anayechagua boga sokoni, kisha anasema, "Binti, usianze na barua. Barua ni watu waliovaa nguo za kanisani. Anza na maneno waliyoandikiana pembeni kwa kalamu, wanapobishana. Hapo ndipo wamo kama walivyo." Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekaa na vumbi muda mrefu. Nayaweka hapa kwa sababu yatahitajika mbele.

Sasa kuhusu vitabu. Uwanda huu wa Ufipa una wazee wengi waliosoma misheni, wenye mwandiko mzuri na muda wa kutosha baada ya mavuno. Mzee wa namna hiyo akishastaafu ualimu au ukatekista, huandika historia. Huipeleka steshenari, binti wa pale anaichapa huku akijibu simu, kitabu kinafungwa kwa spairo ya plastiki, na juu kinabandikwa picha ya simba. Sijapata kuelewa ni kwa nini simba. Nilishika kitabu cha historia ya ushirika wa akina mama wafinyanzi, kikiwa na simba. Nyuma kuna picha ya mwandishi amevaa koti la suti, ameshika simu sikioni, ili msomaji ajue kwamba historia inampigia mwenyewe. Kisha kinauzwa nje ya kanisa baada ya misa, na wanunuzi wake ni wale waliotajwa ndani.

Nakala moja lazima ije ofisini kwetu, ikiambatana na ombi kwamba Mkuu wa ofisi aandike dibaji. Mkuu hakuwa mtu wa kusoma kitu ambacho hakina posho. Kwa hiyo dibaji nikaziandika mimi, na naomba ieleweke kwamba nilizipanga vizuri: "Kitabu hiki kimekuja wakati mwafaka. Mwandishi, kwa kalamu yake makini, ametupatia hazina ambayo kizazi hiki na vijavyo vitaichota bila kuimaliza." Dibaji hiyo ilitosha kwenye kitabu chochote, kama blanketi la bweni. Ilikuwa kazi, niliifanya, nami sikuwa nimeombwa kusoma.

Tatizo la blanketi hilo lilionekana Milanzi, kwenye uzinduzi wa kitabu kuhusu ukoo mmoja wa zamani. Mkuu aliisoma dibaji vizuri hadi mwisho, kisha akaona aongeze neno lake. "Na ninawahimiza wafugaji wa nyuki wote," akasema, "wakinunue." Juma lililotangulia alikuwa amezindua kitabu cha nyuki. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Baadaye nilimfuata mwandishi nimwombe radhi kwa niaba ya ofisi. Akanitazama kwa mshangao. "Radhi ya nini, Mama Faili? Nimepata picha naye."

Basi siku moja vikaletwa mezani kwangu vitabu viwili, vimepishana majuma machache tu. Cha kwanza kiliitwa *Babu Yangu na Chuma*, kimeandikwa na Mzee Pankrasi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu anayezungumza nawe kana kwamba umechelewa kufika mstarini. Cha pili kiliitwa *Ukweli Kuhusu Chuma*, kimeandikwa na Mzee Oresto, katekista mstaafu, mfupi, mwenye macho ya kuhesabu dhambi za wenzake. Wote ni wa kijiji kile kile. Nyumba zao zinatenganishwa na uzio wa minyaa. Vyote viwili vilihusu tanuru moja lililosimama nje ya kijiji, ambalo Wafipa huliita ilungu, refu kupita mtu, lililojengwa kwa udongo na wazee wao ili kuyeyusha mawe yatoe chuma cha majembe. Cha kwanza kilisema ilungu lile lilikuwa la babu yake Pankrasi. Cha pili kilisema lilikuwa la babu yake Oresto, na kwamba yeyote asemaye vinginevyo aombewe.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika dibaji ya pili inayofanana na ya kwanza, nikasita. Mimi ni mtu wa masjala. Kitu kimoja hakiwezi kuwa kwenye mafaili mawili yanayopingana, halafu ofisi hiyo hiyo iyasifu yote mawili kwamba ni hazina. Nilivisoma vitabu vile mwanzo hadi mwisho nikiwa nimekunja uso. Nikavirudia. Jumamosi nikapanda gari la kwenda Mwazye, kwa nauli yangu, ili nikamkamate mwongo.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye historia, vijana. Wengine huingia kwa mapenzi.

Nililiona ilungu jioni ya siku ile, upepo ukipiga nyasi kulizunguka. Limechakaa. Mvua imelilamba mabega, na chini midomo yake ya kupitishia hewa imejaa udongo, hata ukiwa mbali utadhani mchwa ndio waliolijenga. Ila nilipoingiza mkono ndani, kuta zilikuwa zimeungua zikawa laini kama bakuli la kauri. Malungu mengine ya pale yalikuwa yameshabomolewa, udongo wake umefyatuliwa tofali. Nilisimama pale hadi nikachelewa gari. Nililala kwa Bibi Gaudensia, mkongwe kuliko wote kijijini, aliyenipa chumba, ubuyu wa habari na blanketi zito, na kunicheka kwamba nimesafiri kutwa nzima ili nipapase udongo.

Kuanzia hapo nikawa mteja wa vitabu vile. Nikavinunua vyote nilivyovikuta. Na kwa kuwa ninyi mtasema mmesoma, naomba niwape maarifa ambayo hayamo kwenye kozi zenu. Kitabu alichojichapishia mtu anza kukisoma ukurasa wa shukrani: aliyetajwa kwanza ndiye ambaye hatasemwa vibaya ndani. Miaka usiiamini haraka. Mzee huiweka miaka kama mtu anayepanga viti, ili chumba kipendeze. Ukienda kumuuliza, usiseme "Ilikuwa mwaka gani?" Uliza walikuwa wanakula nini, nani alikuwa mjamzito, nyumba ya nani ilikuwa haijaezekwa. Usimsahihishe siku ya kwanza. Usiende mikono mitupu. Sukari inafungua sura nzima. Na ukimaliza kwake, nenda moja kwa moja kwa yule asiyesalimiana naye.

Nilifanya hivyo kwa miaka mingi, Jumamosi kwa Jumamosi, ofisini wakidhani nina shamba la siri.

Kisha ikaja taarifa. Vijana wa kijiji kile waliomba kiwanja cha mpira, ombi la haki kabisa. Ofisi ikatuma mtaalamu kukagua eneo. Alikagua akiwa ndani ya gari, kwa sababu ya upepo. Taarifa yake ilifika masjala nami niliisoma nikiwa nimesimama: "Eneo ni tambarare na linafaa, isipokuwa kuna kichuguu kimoja kikubwa ambacho kitasawazishwa na katapila." Katapila lenyewe lilikuwa tayari barabarani, likichonga njia ya kuelekea huko.

Nilimpelekea Mkuu vitabu vyote viwili, nikavilaza mezani pake. Vyote vilikuwa na dibaji yake, maana hata ile ya pili hatimaye niliimalizia.

"Mheshimiwa, hiki si kichuguu. Ni ilungu. Wewe mwenyewe umelisifu mara mbili."

Alifungua kimoja, akasoma dibaji, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nimeandika vizuri." Akafungua cha pili. "Hapa pia. Sasa, Mama Faili, hili tanuru ni la nani?"

"Hapo ndipo wanapopingana."

"Ahaa." Akaegemea kiti. "Huyu anasema la babu yake, yule anasema la babu yake. Mtaalamu anasema kichuguu. Mtaalamu ni mmoja, na hajipingi. Unataka nimfuate nani?"

Nakiri kwamba katika utumishi wangu wote sikuwahi kukutana na mantiki iliyonyooka kiasi kile na kuelekea shimoni. Alichokubali ni kimoja tu: kijiji kifanye mkutano, na wakisema libaki, libaki.

Nikaenda siku mbili kabla ya mkutano kuwabembeleza wazee wale wakubaliane japo sentensi moja, kwamba ilungu ni la kijiji. Nilianza kwa Mzee Pankrasi.

"Nikubali babu yake alikuwepo?" akasema. "Alikuwepo, sikatai. Alikuwa anabeba kuni."

Nikazunguka uzio wa minyaa hadi kwa Mzee Oresto. Nikampa ujumbe, nikiwa nimeupunguza makali.

"Mwambie Mwalimu," akasema, "ilungu haliwashwi kwa kuni, linawashwa kwa mkaa. Babu yangu alichoma mkaa. Mtu asiyejua kuni na mkaa ameandikaje kitabu cha chuma?"

Nikarudi ng'ambo.

"Mwambie Katekista, mkaa hautoki mbinguni. Unatokana na kuni. Ambazo alizibeba."

Hayo ndiyo maridhiano niliyoyapata. Nilikwenda kulala kwa Bibi Gaudensia nikijua kwamba kitu pekee nilichokipenda kwenye uwanda huu baada ya watu wake kitaondoka, nami ndiye nitakayefungua faili la uwanja wa mpira.

Mkutano ulifanyika pale pale eneoni, watu wakiwa wamejikinga upepo kwenye kivuli cha ilungu lenyewe, jambo ambalo mtaalamu hakuliona kuwa na maana yoyote. Alisoma taarifa yake. Nami nikasimama nikazungumza kuhusu urithi, umuhimu na vizazi vijavyo. Nilijisikia mwenyewe jinsi nilivyokuwa nikisoma dibaji. Akina mama walianza kuchambua maharage.

Kijana mmoja, Kelvin, nahodha wa timu, akaomba nafasi. Aliongea kwa adabu. "Mama, shikamoo. Sisi hatuna ubaya. Ila hiki tumekulia tukikipanda, hatujawahi kuona chuma hapa. Kama ni cha maana hivyo, mbona wenyewe hamjui ni cha nani?"

Mzee Pankrasi hakungoja mwenyekiti. "Kinajulikana ni cha nani. Babu yangu, peke yake, alilijenga—"

"Peke yake," Mzee Oresto akadakia kutoka upande wa pili. "Alipanda juu peke yake, akajipitishia udongo peke yake kutoka chini. Alikuwa na mikono mingapi, Mwalimu?"

"Mingi kuliko ya babu yako, ambaye mdomo wa mashariki aliuziba vibaya, moto ukalala."

"Mdomo wa mashariki hauna kosa. Uliozibwa vibaya ni huu." Akaupiga kwa fimbo mmoja wa midomo ya chini. "Huu, ulioko upande wa kwenu. Na unajua kwa nini moto ulilala. Niseme?"

"Sema."

"Niseme mbele ya watu?"

"Ulishasema kitabuni, ukurasa umejaa."

Mzee Oresto akawageukia watu kama aliyepanda altareni. "Ilungu lilikuwa bibi harusi. Lilipambwa, liliimbiwa. Wanaume waliokuwa wakiyeyusha walilala hapa, nje, na wake zao wakabaki nyumbani peke yao hadi chuma kitoke. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Babu yake huyu akatoroka akaenda kwa mkewe. Chuma kikatoka kama uji."

Mzee Pankrasi alivuta koti lake likakaa sawa. "Ni kweli alikwenda," akasema. "Na baba yangu akazaliwa. Sasa ulitaka mimi nisizaliwe?"

Sijawahi kusikia kicheko cha namna ile kwenye mkutano wa serikali. Maharage yalimwagika. Bibi Gaudensia, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, alinyoosha mkono wake mwembamba. "Kumbe ni chuma hicho," akasema. "Mama yangu alikuwa na jembe kutoka hapa. Lilikuwa likipinda kila akipiga tuta. Alilitukana jembe lile hadi anakufa, na hakujua wa kumlaumu."

"Mwombee marehemu," Mzee Oresto akamwambia Pankrasi.

Wakaanza kutukanana kwa Kifipa, na Bibi Gaudensia alinitafsiria, ingawa nadhani alinipa robo. Ila mimi sikuwa nikiwatazama wazee. Nilikuwa nikimtazama Kelvin. Alikuwa ameinama kwenye ule mdomo uliopigwa fimbo, ameingiza mkono hadi begani.

"Babu," akauliza, "kwa hiyo walilala upande gani? Huku au kule?"

"Kule," akasema Pankrasi.

"Huku," akasema Oresto.

Vijana wengine wawili wakasogea. Mmoja akamtania mwenzake: "Mshikaji, wewe ungemaliza hata siku moja hapa nje?" Nikayakumbuka maneno ya Bwana Simfukwe. Kwa miaka yote nilikuwa nahangaika kutafuta barua iliyovaa nguo za kanisani, kumbe ushahidi ulikuwa ukipiga kelele juu ya uzio wa minyaa.

Mwenyekiti alisimama. Hakuwa msemaji mkubwa. "Mimi nimesuluhisha ugomvi wa mipaka," akasema, "wa ng'ombe, wa wanawake, na wa kwaya. Kichuguu, sijaona watu wakikigombania tangu wakati wa babu zao. Wanaotaka libaki wanyooshe mikono." Mtaalamu alibaki akitazama juu, labda akitafuta mchwa. Kelvin alinyoosha mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado ndani.

Uwanja ulisogezwa kuelekea bondeni. Goli moja sasa liko juu kuliko jingine, na timu ikishinda kurusha sarafu huchagua kushambulia kwa kuteremka. Hakuna aliyelalamika. Ofisi nayo haikukawia: iliweka kibao kinachosema kwamba tanuru hili la kale limetambuliwa na kuhifadhiwa kwa juhudi za ofisi. Chini yake, kwa mkaa, mtu ameandika jina la babu yake Pankrasi. Chini ya hapo, kwa mkaa mweusi zaidi, limeandikwa la babu yake Oresto. Nimeshauri yasifutwe.

Baada ya kustaafu niliandika kitabu changu, nikakiita *Kichuguu cha Mwazye*. Nimeyaweka maelezo ya wazee wote wawili, ugomvi wao neno kwa neno, na jembe lililopinda. Nilikipeleka steshenari ile ile. Nilimkataza binti wa pale kuweka simba. "Mama," akasema, "bila simba hakiuziki." Kina simba.

Na kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nilituma nakala ofisini, nikiomba dibaji. Imenifikia juma lililopita. Ndiyo sababu hasa ya kuwaandikia. Inasema kitabu hiki kimekuja wakati mwafaka, na kwamba mwandishi, kwa kalamu yake makini, ametupatia hazina ambayo kizazi hiki na vijavyo vitaichota bila kuimaliza. Nimeisoma kwa hisia za mama anayekutana na mwanawe mjini naye hamtambui. Halafu imeongezwa sentensi moja, mpya, isiyo yangu: kwamba mwandishi ameonyesha mbinu bora zitakazowasaidia wakulima wa Rukwa kudhibiti mchwa.

Nimeamua ichapishwe kama ilivyo, ikiwa na jina na cheo cha aliyetia saini, kwa sababu kumbukumbu hazipambwi. Lakini aliyeitunga ni mmoja wenu, nami najua ni kiti kipi anakalia, kwa kuwa kilikuwa changu. Nakuomba Jumamosi hii upande gari la Mwazye. Nunua sukari, paketi mbili zilizo sawa, maana watalinganisha. Mzee Pankrasi yupo, Mzee Oresto yupo, na uzio wa minyaa upo. Anza na yeyote kati yao, umuulize kuhusu mchwa.